Loda ndogo ya cheni au ya matairi: jinsi ya kuchagua kwa kazi za Nyanda za Juu Kusini

Mashine hii wengi huiita Bobcat hata ikiwa imetoka kiwanda kingine kabisa. Ni ile loda fupi ambayo mikono yake hupita pembeni mwa opereta, na hugeuka pale pale iliposimama kwa kuwa upande mmoja unasonga mbele huku mwingine ukirudi nyuma. Huja kwa sura mbili: ya matairi manne, au ya cheni mbili za mpira. Ukizikuta zimepangwa yadi moja utadhani zimetofautiana viatu tu. Zipeleke Tukuyu mwezi wa nne, au kwenye uwanja wa kokoto wa kiwanda cha mbao Mafinga, ndipo utaona kuwa kila moja ina tabia yake, gharama zake na magonjwa yake.

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza bei, kisha nguvu za farasi. Maswali hayo yana nafasi yake, ila yakitangulia yanapotosha. Cha kutangulia ni ardhi: mashine itakanyaga nini, kwa saa ngapi, na katika mwezi upi.

Hatua ya kwanza: andika saa za mwaka mzima kwa aina ya ardhi

Chukua daftari, chora safu kumi na mbili za miezi. Chini ya kila mwezi andika kazi unayoitarajia, saa za mashine, na kinachokanyagwa: lami au zege, kokoto iliyoshindiliwa, udongo mkavu, tope, udongo mweusi wa mbuga, mchanga, au eneo la visiki na mawe. Andika pia umbali wa kila safari. Mashine inayochota kifusi na kumwaga kwenye lori lililo mita 15 pembeni haichakai sawa na ile inayobeba matofali mita 200 kutoka stoo hadi kwenye jengo. Cheni ya mpira huliwa na mwendo na mizunguko kuliko inavyoliwa na kazi ya kuchota.

Ukishajumlisha, tumia kipimo hiki. Ikiwa zaidi ya nusu ya saa zako ziko juu ya zege, lami au kokoto ngumu, mashine yako ni ya matairi, hata kama kuna wiki chache za tope. Ikiwa theluthi moja au zaidi ziko kwenye tope au mbuga, na kazi hizo haziwezi kusubiri kiangazi, chukua ya cheni. Kati ya hapo, au masharti yote mawili yakikugusa, hesabu ya gharama ndiyo itakayoamua, na tutaifikia.

Watu wengi hukosea mwezi wa Novemba. Mkandarasi anapanga kazi za Mei hadi Oktoba, anaona ardhi yote ngumu, ananunua matairi. Mvua zinaanza, mteja anataka msingi ukamilike kabla ya Krismasi, na mashine imezama hadi kwenye ekseli.

Kwa nini moja inazama na nyingine inapita

Loda ya matairi ya ukubwa wa kati huwa na uzito wa takribani kilo 3,300 hadi 3,800. Uzito huo wote unatua kwenye viraka vinne vya mpira, kila kimoja si kikubwa kuliko daftari la shule. Mgandamizo wake chini hufika kilo 2 hadi 2.8 kwa kila sentimita moja ya mraba.

Ya cheni ya daraja lilelile ni nzito zaidi, mara nyingi kwa kilo 400 hadi 1,000. Lakini piga hesabu ya eneo: cheni yenye upana wa sentimita 40, inayogusa ardhi kwa urefu wa sentimita 140, mara mbili, ni sentimita za mraba 11,200. Gawanya kilo 4,200 kwa eneo hilo, unapata kilo 0.375 kwa sentimita ya mraba. Huo ni mgandamizo unaokaribia ule wa mguu wa mtu anayetembea. Ndiyo maana mahali ambapo mtu anapita bila kuzama kupita kisigino, loda ya cheni nayo hupita.

Hii inakupa kipimo cha bure cha shambani. Tembea eneo la kazi siku moja baada ya mvua kubwa. Kiatu kikiacha alama tu, matairi yatafanya kazi kwa tabu kidogo. Kikizama hadi kwenye kifundo, matairi yatakwama na ya cheni itafanya kazi. Kikizama hadi nusu ya muundi, rudi nyumbani. Hapo hata ya cheni itakaa juu ya tumbo lake, na kuitoa ni kazi ya ekskaveta.

Ardhi za kwetu, moja baada ya nyingine

Rungwe na Busokelo ndiko kwenye hoja nzito zaidi ya cheni. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na manyunyu hayakomi hata pale Mbeya mjini kunapokuwa kumekauka. Udongo wa volkano ni mwepesi, unakunywa maji vizuri, lakini ukikanyagwa mara kwa mara kwenye njia moja unageuka kuwa uji unaoteleza. Kazi za kuchimbua matuta ya migomba, kutengeneza barabara za ndani za mashamba ya chai na parachichi, au kusawazisha viwanja vya nyumba vilivyo kwenye kilima, karibu zote zinadai cheni. Mashamba ya parachichi yana sababu nyingine: matairi hushindilia udongo karibu na miti, na mizizi ya mparachichi iko juu juu na haivumilii udongo uliokandamizwa wala maji yaliyotuama.

Usangu, upande wa Mbarali, kuna udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka na kuwa mgumu kama sakafu, na matairi yanakimbia juu yake bila shida. Ukinyeshewa unavimba na kunata. Matairi hapo hayazami tu, yanavaa udongo mpaka michoro yote inajaa na tairi linageuka kuwa gurudumu laini. Cheni inapita, lakini mbuga nayo ina kisasi chake: hujikusanya ndani ya andakareji, yaani magurudumu na fremu vinavyobeba cheni, kati ya rola (vigurudumu vya chini) na sproketi (gurudumu la meno linalosukuma cheni), na kuikaza cheni kuliko ilivyopangwa. Kwa kazi za mifereji na majaruba, ya cheni inafaa kwa sharti moja tu, kwamba opereta anaisafisha kila jioni. Asiposafisha, afadhali ungenunua ya matairi na kusubiri kiangazi.

Njombe na Makete ni miteremko, viazi mviringo, na barabara za udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Cheni ina faida ya kushika ardhi, ila soma sehemu ya miteremko hapa chini kabla ya kushangilia.

Mafinga na Mufindi ni mchanganyiko. Ndani ya yadi za mbao, kwenye sakafu ya kokoto na zege, kazi ya kupanga mbao kwa uma na kuzoa maranda na vumbi la mbao ni ya matairi bila ubishi. Nje, kwenye maeneo yaliyokwisha kuvunwa misonobari, visiki vilivyokatwa mshazari ni adui wa wote wawili: hutoboa ubavu wa tairi na huchana ukingo wa cheni. Ikiwa huwezi kuepuka kusafisha visiki, matairi magumu yasiyojazwa upepo ni bora kuliko cheni, kwa kuwa cheni moja iliyochanika ni hasara kubwa kuliko tairi moja.

Iringa mjini na Kilolo, kule kwenye mawe ya matale (graniti) yanayochomoza kila mahali, jiwe kali hukata cheni hasa mashine inapogeuka huku nusu ya upana wa cheni ikiwa juu ya jiwe na nusu hewani. Kwa viwanja vya mawe, matairi yenye kamba nyingi (10 au 12) yanavumilia zaidi na yakifa yanakufa moja moja.

Chunya ni mchanga, changarawe na miiba ya migunga. Hapa pancha ndiyo hoja. Matairi ya upepo yatakupotezea nusu siku kila mara. Ama ujaze matairi povu gumu, jambo linaloongeza uzito mkubwa na kuifanya mashine iruke ruke, au uchukue cheni, ambayo haijui pancha ni nini. Kumbuka tu kwamba changarawe kavu hula mpira wa cheni na rola kama msasa.

Kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na kuku wenye mabanda ya zege, usisumbuke na swali hili. Mashine hii yenyewe ilizaliwa kwa kazi hiyo: mwaka 1957 ndugu wawili wa Minnesota, Marekani, Cyril na Louis Keller, walitengeneza loda ndogo ya magurudumu matatu kwa ajili ya mfugaji aliyetaka kusafisha mabanda ya batamzinga bila kukosa nafasi ya kugeuka. Ndani ya banda la zege, matairi.

Hatua ya pili: soma karatasi ya mashine bila kudanganywa

Muuzaji atakuonyesha namba ya uzito halali wa kubeba. Tahadhari: namba hiyo haihesabiwi sawa kwa mashine hizi mbili. Kwa loda ya matairi ni asilimia 50 ya uzito wa kubinuka, yaani uzito unaoifanya mashine iinue matako. Kwa ya cheni, kwa desturi, huandikwa asilimia 35.

Tuchukue mfano. Ya matairi inayobinuka kwa kilo 2,400 itaandikwa kilo 1,200. Ya cheni inayobinuka kwa kilo 3,300 itaandikwa kilo 1,155. Mnunuzi anaona ya matairi ina nguvu zaidi, kumbe ya cheni ndiyo iliyotulia zaidi kwa mbali. Kwa hiyo kila mara uliza uzito wa kubinuka wa kila moja, ulinganishe hizo.

Kisha pima mzigo wako halisi. Udongo wenye unyevu ni takribani tani 1.8 kwa mita moja ya ujazo, mchanga mkavu na kokoto kama tani 1.5 hadi 1.6. Baketi ya mita za ujazo 0.45 iliyojaa udongo wa mvua ni kilo 810, bado hujahesabu lundo la juu. Mifuko ya saruji au mbolea ya kilo 50 ikipangwa 20 kwenye paleti ni tani moja. Ikipangwa 40 ni tani mbili, na hakuna loda ya kati ya aina yoyote itakayoibeba kwa usalama. Ukitumia uma badala ya baketi, mzigo unakaa mbele zaidi na uwezo unapungua.

Pima pia ubavu wa lori. Simama na futi ya kupimia pembeni mwa Fuso unayotumia, pima kutoka chini hadi juu ya bodi, pamoja na mbao za nyongeza kama zipo. Linganisha na kimo cha kumwagia, yaani ncha ya baketi ikiwa imeinuliwa na kuinamishwa. Kimo cha pini inayoshika baketi peke yake hakitoshi, kwani pini ikiwa mita 3 juu, ncha iliyoinama inaweza kuwa mita 2.2 hadi 2.4 tu. Kwa kupakia lori chagua mikono inayopanda wima. Kwa kuchimba na kusawazisha, mikono inayopanda kwa duara ni rahisi na imara.

Hatua ya tatu: piga gharama ya saa moja

Bei ya kununua ya cheni huwa juu, na kila anayeuza matairi atakukumbusha hilo. Hesabu ya kweli ni ya saa. Namba zifuatazo ni za kukuonyesha njia. Weka bei ulizopewa wewe.

Matairi ya mashine hizi, ya vipimo vya 10-16.5 au 12-16.5, hudumu kama saa 500 kwenye zege na lami, na hukaribia 1,000 kwenye udongo. Tuseme tairi moja ni shilingi 600,000. Manne ni 2,400,000. Ukipata saa 600, kila saa imekula 4,000. Jozi ya cheni za mpira hudumu kwa kawaida saa 1,200 hadi 1,600 kwenye udongo, zikitunzwa. Tuseme jozi ni 9,000,000 na umepata saa 1,200: kila saa 7,500. Hapo ongeza rola, aidla (gurudumu lisilo na meno linaloongoza cheni) na sproketi za andakareji, vitu ambavyo ya matairi haina. Mafuta nayo: mashine ya kati hunywa lita 6 hadi 12 kwa saa kutegemea kazi, na ya cheni huegemea juu, kwa kuwa kuburuta cheni kwenye kona ni kazi.

Kwa hiyo cheni inakugharimu zaidi kila saa, hilo halina ubishi. Sasa weka upande wa pili wa mizani. Ikiwa ya matairi itasimama siku 40 za masika kwa saa 6 kila siku, umepoteza saa 240 za kulipwa, na opereta bado anadai mshahara wake. Zidisha saa hizo kwa faida yako ya saa, si kwa bei ya kukodisha. Kama jibu linazidi ile tofauti ya cheni kwa saa zako zote za mwaka, umepata uamuzi.

Jambo moja huharibu hesabu hii yote: upatikanaji wa spea. Kabla ya kulipa, piga simu uliza nani ana cheni za saizi hiyo hapa nchini, leo. Kama jibu ni kuagiza nje, weka jozi ya akiba au achana na mashine hiyo. Loda ya matairi iliyopasuka tairi inasimama siku moja. Ya cheni isiyo na cheni inasimama mpaka meli ifike.

Miteremko

Hapa watu hufa, kwa hiyo tafadhali usiruke sehemu hii. Cheni inashika ardhi vizuri kiasi kwamba opereta hujisahau. Mashine ya matairi huanza kuteleza na kukuonya mapema. Ya cheni inapanda kimya kimya hadi pale inapobinuka.

Kanuni ni moja kwa zote: upande mzito uwe juu ya mlima. Baketi ikiwa imejaa, upande mzito ni wa mbele, kwa hiyo panda ukiangalia juu na shuka kwa rivasi. Baketi ikiwa tupu, upande mzito ni wa nyuma iliko enjini, kwa hiyo panda kwa rivasi na shuka ukiangalia mbele. Mzigo ukae chini, karibu na ardhi. Usikate mteremko kwa ubavu, usigeuke katikati ya mteremko, usiinue mikono ukiwa mlimani. Mkanda wa kiti na ile baa ya kifuani vifungwe wakati wote, kwa kuwa mashine ikilala, fremu ya kibanda ndiyo inayookoa, na inaokoa aliye ndani tu.

Na popote pale, mtu asipite wala kuchokonoa kitu chini ya mikono iliyoinuliwa bila ile nguzo ya kuizuia kuwekwa. Hosi ikipasuka, mikono haisubiri.

Hatua ya nne: kukagua mashine iliyotumika

Usiamini mita ya saa peke yake. Linganisha na kanyagio, vishikio, kiti, na pini za baketi. Mita ya saa 1,800 na pini zinazocheza kama meno ya mzee havikubaliani.

Kwa ya cheni, omba inyanyuliwe mpaka cheni zining'inie. Kisha:

- Tazama meno ya sproketi. Yakiwa yamechongoka na kupinda upande mmoja, yamekwisha, na yatakula cheni yoyote mpya utakayoweka. Muuzaji akijigamba "cheni mpya", hapo ndipo pa kuangalia zaidi.
- Pima kina cha michoro. Cheni mpya huwa na takribani milimita 25. Ikibaki chini ya 10, ihesabu kuwa imekufa kwa kazi ya tope.
- Tafuta nyaya za chuma zilizochungulia kwenye mipasuko. Maji yakishaingia kwenye nyaya, kutu inatembea ndani na cheni itakatika ghafla.
- Ndani ya cheni, hesabu vijino vya mwongozo. Kikikosekana kimoja, uliza. Vikikosekana vitatu mfululizo, ondoka.
- Zungusha kila rola kwa mkono. Iliyoganda, inayolia au yenye mafuta yaliyovuja na kukamatwa na vumbi inahitaji kubadilishwa. Angalia pia mota ya kila upande kama ina unyevu wa mafuta.

Kwa ya matairi, kitu cha pekee ambacho wengi hawakijui ni kuwa kila upande kuna mota moja inayosukuma matairi mawili kwa cheni za chuma zilizomo ndani ya sanduku lenye mafuta. Fungua kizibo cha sanduku hilo, ingiza waya safi. Mafuta yakitoka na chembe za chuma zinazong'aa, cheni au beringi zinakwisha. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Kisha isogeze mbele na nyuma polepole ukisikiliza; mlio wa "kop" kila unapobadili mwelekeo ni cheni iliyolegea.

Zote mbili zifanyishe kazi kwa nusu saa mfululizo, ya kuchimba na kuinua, mpaka mafuta ya haidroliki yapate moto. Pampu iliyochoka hujificha ikiwa baridi. Ikipata moto mikono inapanda kwa uvivu na mashine inavuta upande mmoja. Fanya jaribio hilo huku huku juu, maana enjini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kimo. Mbeya iko karibu mita 1,700, Njombe karibu 2,000, na Kitulo kama 2,600. Iliyoonekana na nguvu Dar es Salaam itakushangaza Makete. Yenye tabo huvumilia zaidi.

Kuifanya idumu

Cheni kwanza, kwa kuwa ndiyo ghali. Ulegevu hupimwa mashine ikiwa imenyanyuliwa, katikati ya upande wa chini, kati ya rola na cheni. Kwa mashine nyingi ni milimita 15 hadi 30, lakini kitabu cha mashine ndicho hakimu. Ikilegea mno inavuka sproketi na kutoka, hasa kwenye mteremko wa ubavu. Ikikaza mno inakula beringi za aidla na mota. Kukaza ni kwa kupiga grisi kwenye nipo (chuchu ya grisi) iliyo kwenye vali ya silinda ya pembeni. Kulegeza ni kufungua vali hiyo taratibu, mzunguko mmoja tu, ukiwa umesimama kando. Grisi iliyomo ina presha inayoweza kupenya ngozi, na jeraha hilo linaonekana dogo huku linaozesha mkono kwa ndani. Ikitokea, hospitali saa ileile.

Jioni, kabla tope halijakauka, koleo na maji. Tope la mbuga lililolala usiku mmoja linageuka tofali, na asubuhi mota inalazimika kulivunja kwa kutumia cheni yako.

Usizungushe mashine ya cheni pale pale juu ya zege au kokoto. Geuka kwa hatua tatu, kama gari kwenye uchochoro. Na uchague michoro inayofaa: ya vitalu kwa ardhi mchanganyiko na ngumu, ya fito za kukingama kwa tope. Fito zikipelekwa lami zinakwisha haraka ajabu.

Matairi ni rahisi zaidi. Upepo mara nyingi ni psi 45 hadi 60, usipite kilichoandikwa ubavuni. Manne yawe ya saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Tairi jipya mbele na lililokwisha nyuma ya upande uleule hupigana kupitia zile cheni za ndani mpaka moja ichakae. Yabadilishane nafasi, mbele na nyuma. Na mfundishe opereta jambo hili: baketi ikiwa tupu, karibu asilimia 70 ya uzito iko nyuma, ikijaa, uzito unahamia mbele. Katika hali zote mbili ncha nyepesi huburutika kirahisi mashine inapogeuka. Baketi ikiwa nusu, uzito umegawanyika sawa, matairi yote manne yanakwaruza, na ndipo mpira unapoliwa. Ajaze, au amwage, ndipo ageuke.

Ukiwa katikati

Kuna cheni za chuma zinazovishwa juu ya matairi ya kawaida ya loda. Zinahitaji nafasi ya kutosha kati ya tairi la mbele na la nyuma na kati ya tairi na mwili, wakati mwingine pamoja na vipande vya kusogeza rimu nje. Zinaongeza uzito, zinatikisa, na zinaharibu zege na lami, lakini kwa mwenye yadi ngumu miezi minane na tope miezi minne zinatosha kabisa. Zifungwe mwanzoni mwa masika, zivuliwe ardhi ikikauka. Baada ya siku ya kwanza zikaze tena, kwa sababu hulegea zinapojipanga.

Njia nyingine ni kumiliki ya matairi na kukodi ya cheni kwa wiki za tope. Kama wiki hizo hazizidi sita kwa mwaka, mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu zaidi.

Kwa usafiri, zote mbili ni mzigo wa lori, haziendeshwi barabara kuu. Canter ya tani 3 haiwezi kubeba mashine ya tani 3.6 kihalali wala kwa usalama wa breki. Tumia Fuso au lobedi. Mashine ya cheni iliyo nzito zaidi kwa kilo 700 inaweza kukuvusha kikomo cha uzito kwenye mizani, kwa hiyo pima gari na mzigo kwa pamoja kabla ya safari. Mikono chini, breki ya maegesho, minyororo pembe nne, na ukague ukazaji wake kabla ya kupanda au kushuka Kitonga.

Ukiwa umeamua cheni, kabla ya kumkabidhi muuzaji fedha, lala chini utafute namba iliyogongwa ndani ya mpira, mfano 320x86x49. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni umbali kutoka chuma kimoja hadi kingine, ya tatu ni idadi ya vyuma. Ikiwa imefutika, pima upana, pima nafasi kati ya vyuma viwili, na hesabu vyuma vyote kuzunguka cheni ukianzia penye alama ya chaki. Andika namba hiyo kwenye daftari na ndani ya mlango wa kibanda kwa rangi isiyofutika. Siku cheni itakapokatika Matamba au Igoma saa kumi jioni, muuzaji wa spea atauliza namba hiyo kabla ya kitu kingine chochote.